Mthamini na Rivolva ya Umm Salal

Kitu cha kwanza alichokiangalia kwenye rivolva yoyote kilikuwa skrubu. Mtutu ungengoja, na mpini wa mti wa jozi ungengoja, hata yale maandishi ya kiwandani ambayo wateja walimwonyesha kwa kidole yangengoja. Aliinamia skrubu moja baada ya nyingine, akitazama ule mfereji mdogo inamoingia ncha ya bisibisi. Ukiwa umepanuka au umekwaruzika, alishusha pumzi kupitia puani. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua hapo hapo kwamba bei imeshuka.

"Skrubu ni kama kitasa cha mlango," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Ukikuta kimevunjwa, hata kabla hujaingia unajua kuna mtu alipita hapa."

Dukani Waarabu walimwita muthammin. Sisi Waswahili tulimwita Mthamini, ambalo ni neno lile lile lililovuka maji. Alikuwa Mkenya, mtu wa makamo nilipomkuta, na kabla ya kuja Doha alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la silaha la serikali kwao, akizitengeneza na kuzisafisha. Mimi nilikuwa karani. Ni mwanamke wa Tanga, Kiarabu nilikipata madrasa na Kiingereza shuleni, na kazi yangu ilikuwa kuchapa hati ya kila kitu cha kale kilichopita mikononi mwake: yeye anasema, mimi naandika. Tulikaa hivyo miaka saba, na mara nyingi nilimwona yeye zaidi ya nilivyowaona wenzangu wa chumbani.

Duka lilikuwa la Mkatari mmoja tuliyemwita Arbabu, kama wafanyakazi wengi wa huko wanavyomwita tajiri wao. Aliuza majambia, saa za mfukoni, masanduku yenye misumari ya shaba na, kwa kibali maalumu, bastola za zamani ambazo watu hununua ili waziweke kabatini wazitazame. Arbabu alimwokota Mthamini hotelini. Alikuwa mlinzi pale, amesimama karibu na kabati la kioo lenye rivolva iliyowekwa kwa mapambo, na Arbabu alikuwa akiwasifia wageni wake jinsi ilivyo adimu. Mlinzi akakohoa.

"Samahani, bwana. Hiyo silinda imetolewa kwenye bastola nyingine. Haikai sawa."

Meneja wa hoteli alitaka kumfukuza siku ile ile. Arbabu alifanya subira, akamwita mtu wa kuifungua, na ikawa kama mlinzi alivyosema. Miezi miwili baadaye mlinzi alikuwa na kiti chake nyuma ya duka, taa kubwa ya mezani, kioo cha kukuzia na jozi tatu za glavu nyeupe za pamba.

Kabla ya kuvaa glavu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama mtu anayekwenda kula ubwabwa wa shughuli. Kisha alihakikisha haina risasi, akahakikisha tena, akakuomba na wewe uhakikishe, hata kama bastola yenyewe haijaona risasi tangu kabla babu yako hajazaliwa. Mteja akiinyanyua na kuielekeza kwa mtu kwa mzaha, Mthamini alisimama na kuondoka. Hakugomba. Aliingia chumba cha nyuma, na asingetoka mpaka mteja yule ameondoka, awe sheikh, awe nani. Arbabu alishamwambia mara nyingi kwamba anamvunjia biashara. Alijibu, "Basi niondoe," na Arbabu hakumwondoa, kwa sababu mjini hapakuwa na mwingine aliyeaminika kama yeye.

Aliaminika kwa kuwa bei yake ilikuwa moja. Ukimuuliza wewe unayeuza, au akimuuliza mwenzako anayenunua, angewajibu sawa. Ukitaka kumjua vizuri ungemwuliza sababu. Alikuwa anapenda kueleza, na akieleza uso wake mkavu ulilainika. Kwanza, sehemu zote ziwe zilizaliwa pamoja: namba iliyogongwa kwenye kiunzi iwe ndiyo iliyogongwa kwenye silinda na kwenye mtutu. Pili, rangi ya chuma iwe ile ya kiwandani, hata kama imechakaa. Tatu, iwe inafunga sawasawa, silinda isitikisike kama jino la mtoto. Baada ya hapo ndipo aliuliza imetoka kwa nani.

"Chuma kina bei yake na hadithi ina bei yake," alisema. "Watu wanagombana kwa sababu wanauziwa hadithi kwa bei ya chuma, ama chuma kwa bei ya hadithi."

Kuna siku alikuja mfanyabiashara mmoja na rivolva inayong'aa kama sahani ya harusi. Alikuwa ameipeleka ng'ambo ikapigwa msasa na kupakwa rangi upya, akiamini ameiongezea thamani. Mthamini aliigeuza mara mbili tu.

"Jana, kabla hujaipeleka, ilikuwa ya bei. Leo ni nzuri tu."

"Lakini imekuwa kama mpya!"

"Ndiyo shida yake. Umeiosha uso mpaka ukaufuta."

Yule bwana alikasirika, baadaye akacheka, mwisho akaomba hati yake. Mimi nikakosea kwenye hati ile, nikaandika kwamba hali yake ni "kama mpya". Alinirudisha kwenye mashine mara nne. "Karani, mpya ni mpya. Kama mpya ni kuukuu iliyooga. Andika unachokiona." Nililia chooni siku ile. Alikuwa na ukali wa namna hiyo, wa mtu ambaye hajui kwamba maneno yake yana makali, na jioni alinisubiri mlangoni na mfuko wa machungwa bila kutaja lolote lililopita.

Huyo huyo mwenye bei moja, ungemwona sokoni Mansoura, tulikokuwa tunaishi wengi wetu, akibishana juu ya nyanya hadi muuzaji wa Kibangali anashika kichwa. Nyanya angezikataa, angeondoka, angerudi, angezikataa tena. Nilimuuliza kwa nini dukani hapunguzi hata senti na hapa anataka kumtoa mtu roho.

"Nyanya hazina namba," alinijibu.

Na jambo jingine lililonishangaza ni kwamba hakuzipenda silaha. Alikuwa mtu wa kanisa. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, alikuwa kwenye ibada na suti yake ya kijivu. Wenzake walimsema: Mkristo gani anakula kwa bastola? Alikuwa akijibu kwamba yeye hauzi, anataja bei tu, lakini jibu hilo halikumtosha hata yeye mwenyewe, maana alilirudia bila kuulizwa. Siku moja, duka likiwa tupu, nilithubutu.

"Mzee, ulishawahi kumpiga mtu?"

Alikuwa anafuta kioo chake. Aliendelea kukifuta.

"Sijapiga. Nimesafisha zilizopiga. Zilikuwa zinarudi asubuhi, wanakuwekea mezani na karatasi. Hawakwambii kitu. Lakini zinanuka, Karani. Unasafisha, unapaka mafuta, unarudisha kabatini, na kwa redio saa saba unasikia jina la mtu."

Nilirudi kwenye mashine yangu.

Sasa niseme habari ya rivolva ya Umm Salal, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomharibia maisha, na mimi nilikuwepo.

Mzee mmoja wa Kikatari alifariki kwenye shamba lake Umm Salal, kaskazini ya mji. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mali nyingine waligawana bila shida. Kilichobaki kilikuwa rivolva aliyokuwa akiitundika kwenye majlisi, chumba cha kupokelea wageni. Ujanani, kabla ya utajiri kuja, marehemu alikuwa akiwaongoza jangwani wageni waliotafuta mafuta, na nyumbani kwake ilijulikana kwamba mmoja wa wageni hao alimpa rivolva ile ikiwa mpya ndani ya sanduku lake, kwa kuwa alimwokoa na kiu. Watoto walikulia ndani ya hadithi hiyo. Kila kijana aliitaka rivolva, na bastola haikatwi vipande. Wakakubaliana: ataichukua mkubwa, na kwa bei yake atawatolea wenzake mafungu yao, mama, dada na mdogo wake. Kilichobaki ni bei.

Mkubwa alikuwa rafiki wa Arbabu. Asubuhi ya siku ile Arbabu alikuja mwenyewe hadi kwenye meza yetu.

"Muthammin, usiipandishe sana. Ni mambo ya familia."

"Nitaitaja ilivyo," alisema Mthamini.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Majlisi ilikuwa ndefu, mapazia mazito yamefungwa kwa sababu ya joto, taa chache za ukutani. Wale ndugu wawili walikaa pande mbili. Mkubwa alikuwa mtu mnene, mwenye sauti. Mdogo alikuwa mwalimu, mpole, miwani usoni. Mama yao alikaa mwisho wa chumba na binti yake, na tulipokwisha kunywa kahawa ndiye aliyesema.

"Mume wangu alinionyesha sanduku la rivolva hii siku aliyoniposa," alisema. "Hakuwa na mali nyingine ya kunionyesha."

Mthamini aliinamisha kichwa kwa adabu. Akavaa glavu, akahakikisha haina risasi, akampa mkubwa naye ahakikishe. Akaanza kuipima. Alipitisha kidole gumba chini ya kiunzi, akazungusha silinda taratibu, akasikiliza, akavuta nyundo, akaisikiliza tena. Mimi nilikuwa na kalamu. Alinitajia hali ya rangi, ya mpini, ya mtutu. Nikangoja namba. Siku zote alitaja namba tatu: ya kiunzi, ya silinda, ya mtutu. Safari hii alitaja ya kiunzi peke yake, ambayo ilikuwa pia kwenye kibali cha marehemu, akaruka.

"Na silinda, mzee?" nilinong'ona kwa Kiswahili.

"Andika nilichosema."

Kisha akataja bei. Ilikuwa sawa na bei ya gari zuri lililotumika kidogo. Mkubwa aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Mdogo alifumba macho, nikadhani ni kwa ahueni. Mama alisema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu ambaye mume wake amesifiwa mbele za watu.

Tulipotoka, mdogo alitusindikiza hadi kwenye gari akampa Mthamini katoni ya tende za shamba lao. Tulizila njiani, mimi, Mthamini, na dereva wetu Kombo, kijana wa Mombasa aliyekuwa akikaa na Mthamini chumba kimoja. Zilikuwa tende. Nataka hili lieleweke: nilitia mkono mpaka chini ya katoni ile, na hapakuwa na kitu kingine ila tende.

Haukupita muda mrefu, labda mwaka na miezi, yule mkubwa akataka kuiweka rivolva kwenye maonyesho. Waandaaji walimleta mtaalamu wao kutoka nje. Mtaalamu aliifungua kwenye mwanga mweupe akamwonyesha: namba ya silinda si ya kiunzi, na ya mtutu ni nyingine kabisa. Rivolva ile ilikuwa imeunganishwa kutoka kwa bastola tatu. Haikutoka mpya kwenye sanduku la mtu yeyote. Thamani yake haikufika hata robo ya ile aliyoitaja Mthamini, na baba yao, kwa lugha nyingine, aliwadanganya.

Mkubwa hakumkasirikia baba yake. Marehemu hakasirikiwi. Alimkasirikia mdogo wake. Alisema mdogo alimhonga mthamini apandishe bei ili wao wapate mafungu makubwa, na ushahidi alikuwa nao: watumishi waliona katoni ikiingizwa kwenye gari. Mdogo aliapa. Hakuaminiwa. Yakatoka kati yao maneno ambayo ndugu hawatakiwi kuambiana.

Arbabu alituita ofisini, mimi na Mthamini. Mkubwa alikuwa amekaa pale, mkononi ameshika ile hati niliyoichapa.

"Miaka yote hii hukuwahi kukosea namba," alisema Arbabu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeomba aambiwe uongo mzuri. "Ulikosea, au ulilipwa?"

"Nilikosea."

"Wewe? Umekosea namba mbili kwenye bastola moja?"

Arbabu akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Ile katoni, ulimwona akipokea kitu ndani yake?"

Na mimi nilijua. Nilikula tende zile. Lakini nilijua pia, au nilidhani najua, kwa nini namba ziliachwa. Nilikwishajiambia siku nyingi kwamba Mthamini aliziona, akamtazama mama yule mjane, akashindwa kumvunjia mume wake mbele ya wanawe. Niliona ni huruma, na kwamba nikianza kueleza tende nitaulizwa mengine, na nitamwanika. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba iqama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa mikononi mwa Arbabu, na nilikuwa na watoto wawili Tanga wanasoma.

"Sijui," nilisema.

Mthamini hakunitazama. Alivua kitambulisho cha duka shingoni, akakiweka mezani, akakisukuma kidogo mpaka kikakaa sawa na ukingo.

Arbabu hakumpeleka polisi. Alimpa karatasi ya kuhamia kwa mwajiri mwingine, kwa sharti asiguse tena silaha ya mtu. Mansoura habari zilifika kabla yake. Waliokuwa wakimwita mzee wakaanza kumwita "Tende". Kanisani alikaa benchi la nyuma, kisha akaacha kwenda. Kombo alinisimulia kwamba aliamka Jumamosi moja akakuta kitanda cha mwenzake kimetandikwa vizuri na hakuna mtu. Mtu alimpatia kazi ya kulinda ghala la vigae huko Muaither.

Niliendelea na kazi miaka mingine minne. Alikuja mthamini mwingine, kijana mwenye kompyuta, aliyesoma bei mtandaoni na kuzisema. Nilichapa hati zake. Sikumtafuta yule mzee, na kila Ijumaa nilipata sababu ya kutomtafuta.

Mwisho wa mkataba wangu ulipofika, na tiketi ya kurudi nyumbani moja kwa moja imeshakatwa, nilimwomba Kombo anipeleke. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ghala lilikuwa nyuma ya mtaa wa nyumba mpya, na mbele ya lango lake palikuwa na kibanda na kiti cha plastiki. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, amekonda sana. Nilisimama mbele yake hatua tatu. Alinigeuzia uso.

"Nani?"

Nilidhani ananikataa.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Aliinamisha kichwa upande, akitafuta sauti. "Karani! Marahaba. Marahaba, mama. Karibu. Nyinyi watu wa Tanga hata salamu mnaimba." Akainuka, akanyoosha mkono upande usio wangu.

Hapo nikaelewa jambo moja, lakini si yote. Kombo aliniambia baadaye kwamba malori alikuwa akiyajua kwa mlio, na madereva kwa hatua zao. Tulikaa. Nikamwambia nilichokuja kumwambia: kwamba nilisema "sijui" na nilikuwa najua, kwamba niliogopa, na kwamba aliteseka kwa kumhurumia mjane yule huku mimi nikinyamaza.

"Kumhurumia nani?"

"Mama wa Umm Salal. Uliziona namba hazifanani, ukanyamaza kwa ajili yake."

Alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Umenipa sifa isiyo yangu," alisema. "Karani, sikuziona. Ni presha ya macho. Dukani nilikuwa na taa na kioo, na nilikuwa najifungia, naweza kukaa na namba moja nusu saa mpaka inatulia. Pale kwa wale watu kulikuwa giza. Nilipitisha kidole nikasikia kuna namba, lakini ni gani? Ningeomba taa, wangeona navyoishikilia puani. Nikasema ah, bastola ya mzee wa heshima, si zitakuwa zinafanana? Nikataja bei."

"Kwa nini hukusema, siku ile kwa Arbabu? Ungesema macho tu!"

"Mwizi watu humkasirikia. Kipofu watu humhurumia. Nilichagua wanikasirikie." Akajifuta midomo. "Na zile zingine? Mwaka ule, na uliopita wake? Kila mwenye rivolva angerudi na karatasi. Na karatasi zote ni wewe uliandika."

Nilihesabu kichwani hati nilizochapa miezi ile, nikaacha. Kombo alikuwa ameegemea gari, anatazama chini.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepanga kumwambia. Yule mjane alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Arbabu alikwenda matangani, akarudi na huzuni. Alikuta mahema mawili. Mkubwa alipokelea rambirambi nyumbani kwake na mdogo kwake, na watu waliohani walilazimika kwenda mara mbili. Miaka yote ile hawakuwa wamesemezana.

"Bado ni kwa ajili ya ile?" aliuliza.

"Bado. Mkubwa anaamini alihongwa mtu."

Mikono yake ilianza kusuguana magotini, kama anatafuta glavu. "Mimi nilijua wataudhika," alisema polepole. "Nilifikiri ni hasira ya pesa. Hasira ya pesa huisha." Kisha: "Wamemzika mama yao hivyo?"

"Ndiyo, mzee."

Aliinuka, akaingia kibandani, akakaa humo kwa muda. Alitoka amevaa lile koti la suti ya kijivu, sasa pana mabegani.

"Kombo. Hilo gari lina nafasi?"

Aliomba ruhusa kwa simu kwa msimamizi wake, Mhindi mmoja, kwa kisingizio cha hospitali. Mara moja tu njiani aliniuliza kama tumeshapita mzunguko wa barabara, nikamwambia tumeshapita, na akashika mshipi wa kiti kwa mikono miwili.

Tulifika Umm Salal sala ya Ijumaa imekwisha. Mkubwa alikuwa anashuka kwenye gari lake mlangoni, amenenepa zaidi, ndevu zimeingia mvi. Alituona, na alipomtambua Mthamini uso wake ulifunga. Nilimshika mzee mkono, kwa kuwa ngazi zilikuwa tatu. Alinitoa mkono taratibu. Akapanda ya kwanza kwa mguu, akakosa ya pili, akapiga goti kwenye marumaru. Hakuna aliyecheka. Alibaki amepiga goti pale pale, akainua uso kuelekea upande sauti ya funguo ilikotoka, na kwa Kiarabu chake kibovu cha dukani akasema maneno mawili.

"Ma shuft."

Sikuona.

Mkubwa alisimama. Alimtazama macho, yale macho yaliyokuwa yanaitazama nguzo ya mlango badala ya yeye. Akasogeza kiganja mbele ya uso wa mzee, kulia, kushoto. Hayakufuata.

"Tangu lini?" aliniuliza mimi.

"Tangu siku ile," nilisema. "Na kabla ya siku ile. Na katoni ilikuwa ya tende, bwana. Nilikula mimi. Arbabu aliponiuliza mbele yako nilisema sijui, na nilikuwa najua."

Nilidhani atatufukuza. Akainama kwa shida, na unene wake wote, akamtia Mthamini mkono kwapani, akamwinua. Akamwingiza ndani, akimwambia kila kizingiti: hapa kuna mlango, hapa kuna zulia. Mimi na Kombo tukafuata. Akamkalisha. Mapazia yalikuwa wazi na chumba kilijaa mwanga.

Rivolva haikuwa ukutani. Sikuuliza ilikokwenda.

"Wallahi sikulipwa," alisema Mthamini. "Ndugu yako hakunipa kitu. Niliona aibu. Basi."

Mkubwa alitoa simu kanzuni, akatafuta jina la mdogo wake kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amelifuta. Akalipata. Akaiweka sikioni, akatugeuzia mgongo akitazama bustani. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba sote wanne tuliisikia ikiita upande wa pili. Iliita, ikaita, ikakatika.

Akaitazama simu. Akapiga tena.